Fundi Hewala na Midomo Iliyofunikwa

Jumanne, tarehe 14 Julai 2020. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu mpaka katikati ya asubuhi, kisha upepo wa baridi uliokausha barabara upande mmoja na kuuacha wa pili na madimbwi.

Siku hiyo Mama Vifungo alichelewa kufika kazini. Alisimama mlangoni pa chumba wanachochangia yeye na Fundi Hewala, mwavuli uliokunjwa ukidondosha maji kizingitini, barakoa ya bluu yenye vidoa vyeupe imempanda mpaka chini ya macho. Hakuingia. Alisema, "Shemeji, kaka amefariki. Wametupigia simu kutoka hospitali alfajiri."

Fundi Hewala aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akatabasamu nyuma ya barakoa yake, akasema, "Hewala, shemeji. Hakuna shida." Akarudisha mguu kwenye pedali.

Mama Vifungo alibaki palepale. "Umenisikia nilichosema?"

"Ndiyo, ndiyo. Hewala."

Mwanamke yule aliingia hatua mbili tatu, akachukua kopo lake kubwa la vifungo juu ya meza, akalikumbatia kifuani, akatoka bila kufungua mwavuli. Fundi alimtazama akivuka barabara. Alidhani amesema kwamba kwa mvua kama ile hakuna wateja, bora arudi nyumbani.

Hakuwa mtu mbaya, na moyo wake haukuwa wa jiwe. Ni kwamba hakuwa amesikia neno hata moja.

Masikio yake aliyaacha kiwandani. Alipokuwa kijana aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, katika ukumbi wa mashine za kufuma, na kelele za humo zilikuwa za namna ambayo mtu angeweza kuangusha sinia la vyuma nyuma yako usigeuke. Wafanyakazi wa ukumbi ule walizungumza kwa midomo tu. Hawakutoa sauti, walitamka maneno, na mwenzako wa mashine ya tano kutoka kwako akayasoma na kukujibu. Kwa midomo hiyo walipashana habari, walimsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao, walitongozana na kukataliwa. Humo ndani hakuna aliyesikia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa kiziwi. Kiwanda kilipofungwa na watu wakatawanyika, wenzake walikaa nje majuma machache masikio yakawarudia. Yake hayakurudi. Kilichobaki ni mngurumo wa mbali, kama lori linalopanda mlima usioisha.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Alikuwa na mbinu zake: mtu akimsemesha mumewe kwa nyuma, yeye humgusa kiwiko, mteja akieleza anavyotaka gauni lake huku ameinama, mke huyarudia maneno yaleyale akimwelekea mumewe, kama anayejishauri. "Mikono iwe mirefu, eeh? Na kola ndogo." Watu walimwona mwanamke mwenye kiherehere na kazi ya mume. Alipofariki, fundi alilazimika kujitengenezea mbinu za kwake. Aligeuza cherehani ili mteja akisimama mbele yake awe amepigwa na mwanga wa mlango. Alitundika kioo ukutani, wateja wakadhani ni cha kujitazamia, kumbe ni cha kumwonyesha nani anaingia kwa nyuma. Aliwaambia watu simu yake ina kasoro isiyotengenezeka. Alipokea ujumbe wa maandishi tu, na binti yake anayeishi mbali alikwisha kuchoka kumshauri anunue nyingine. Na pale mbinu zote ziliposhindwa, alikuwa na neno moja. Hewala.

Neno hilo lilimpatia jina. Mwenye nyumba akisema jambo, hewala. Mteja akilalamika, hewala. Walimwona mtu mpole asiyependa ubishi, na mpole kweli alikuwa, ila nusu ya upole ule ulikuwa hofu. Nani atampelekea kitambaa chake cha harusi fundi asiyesikia? Aliwaza hivyo mwaka wa kwanza, akawaza hivyo wa pili, mpaka siri ikawa kama fanicha ya nyumbani ambayo mtu anaizunguka bila kuiona.

Mama Vifungo alikuja kuchangia chumba baada ya msiba wa mke wa fundi. Alikuwa rafiki wa marehemu, wanaitana dada, na ndiyo maana yeye na fundi huitana shemeji. Aliweka meza yake mkabala na cherehani: vifungo, zipu, nyuzi za kila rangi, mpira wa kiunoni. Na alikuwa msemaji. Kuanzia anapofungua kopo mpaka anapolifunga, alisimulia, uso wake ukiwa mbele ya uso wa fundi, mwanga wa mlango ukimwangukia shavuni. Alisimulia zaidi habari za kaka yake, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye ndiye aliyemlea wazazi walipoondoka. Kaka huyo alikuwa harudi safari mikono mitupu, ila kila zawadi yake ilikuja na kasoro: mwavuli usiofunga, saa inayorudi nyuma. Siku hizi alikuwa anaishi kwa dada yake, anaumwa kifua, anagombana na watangazaji wa redio kana kwamba wamo sebuleni.

Fundi alimjua kaka yule kama ndugu, ingawa walikuwa wameonana kwa nadra. Alicheka mahali pa kucheka. Jioni akirudi kwenye chumba chake, hakuna midomo iliyomngoja, lakini alikuwa ameshiba.

Kisha ikaja korona.

Mwanzoni watu walicheka. Walisema ni ugonjwa wa wanaopanda ndege, na mtaani kwetu anayepanda ndege ni nzi. Baadaye shule zikafungwa, jioni zikawekewa muda wa kuwa ndani, na kila mlango ukaota ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Barakoa zikawa lazima, nazo madukani zikawa adimu. Watu wakamkumbuka Fundi Hewala. Walimletea vipande: pazia la zamani, shuka lililochanika, kitambaa kilichobaki kwenye gauni la kipaimara. Alikaa akikata na kushona tangu asubuhi mpaka jioni, tabaka mbili, mpira masikioni, mikunjo mitatu. Aliifunika midomo ya mtaa mzima kwa mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemfunika alikuwa amempoteza.

Watu walizivaa kila mmoja kwa imani yake. Mwalimu mstaafu alivaa mbili, moja juu ya nyingine, na akija kuchukua nguo alisimama barabarani akapunga mkono kama anayeaga meli. Muuza mikate aliitundika yake sikio moja kama hereni, akaipandisha anapoona askari. Mama mmoja wa maombi alisema pumzi ni ya Mungu, haifunikwi, lakini alikuja kushonewa moja ya rangi ya kilemba chake kwa ajili ya kuingilia benki. Kuna waliogombana kwenye foleni ya maji mpaka wakashikana, wakavunja kwa pamoja ile mita moja ya kuachana nafasi waliyokuwa wanaigombania.

Na kulikuwa na fundi redio wa upande wa pili wa barabara, ambaye kabla mwezi haujaisha alikwisha kupewa jina la Kidevu. Yake ilikaa kidevuni kuanzia asubuhi hadi jioni.

"Hii inalinda kidevu," aliwaambia waliomkemea. "Ugonjwa ukitaka pua, upite, mimi sizuii njia ya mtu."

"Utatuua wewe," Mama Vifungo alimwambia siku moja kutoka mlangoni. "Mimi nina mgonjwa wa kifua nyumbani. Usiniletee hewa yako huku."

"Hewa yangu ina kibali, mama."

Mtaa mzima ulimlaumu Kidevu. Fundi Hewala hakumlaumu. Moyoni alimshukuru mtu yule kuliko alivyowahi kumshukuru mtu, na alikuwa na redio, kumbukumbu ya mkewe, ambayo aliibeba kuvuka barabara kila juma kwenda kutengenezwa. Haikuwa mbovu. Hakuwahi hata kuisikia. Alikwenda kuketi kwenye kigoda, mita moja na nusu kutoka kwenye mdomo ulio wazi.

Kwa Mama Vifungo hakukuwa na namna. Kwa ajili ya kaka yake, hakuishusha barakoa hata kunywa maji. Alitoka nje akanywa akiwa ameugeukia ukuta. Meza yake aliisogeza mpaka pembeni kabisa ya chumba. Wiki za mwanzo aliendelea kusimulia, na fundi aliona kitambaa cha bluu kikiingia na kutoka, kikiingia na kutoka, akakisia, akasema hewala, akacheka mara mbili mahali ambapo hapakuwa pa kuchekwa. Hadithi zikapungua. Zikabaki salamu. Kuna asubuhi alizojiandaa kabisa kumwambia, akaweka mkasi chini, akakohoa kidogo, na mwanamke akarudi nyuma kwa sababu ya kile kikohozi. Maneno yakarudi yalikotoka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ile Jumanne ya mvua.

Jumatano meza ya Mama Vifungo ilikaa imefunikwa. Alhamisi vilevile. Fundi alimwandikia ujumbe: "Shemeji, habari za huko? Meza yako naifuta vumbi." Hakujibiwa. Alijiambia labda ni kifua cha kaka. Ijumaa aliandika tena, "Kaka anaendeleaje?" na hilo nalo halikujibiwa. Jumamosi mchana simu ikatikisika mfukoni.

"Jumanne asubuhi atakuja mtu wa mkokoteni. Mpe meza yangu na sanduku la nyuzi."

Aliusoma akiwa amesimama. Hapakuwa na shemeji mwanzoni wala mwishoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama upande wa meza ile, akijaribu kukumbuka ni kosa gani. Alipitisha akilini kila kitu alichoweza: mpira alioazima bila kurudisha, mlango aliousahau wazi. Hakupata. Jumapili yote alikuwa ndani kwake, na jioni alijikuta mbele ya kioo cha kunyolea akitamka maneno ili aone midomo ikicheza.

Jumatatu alasiri alibeba redio, akavuka barabara.

"Hii ina nini tena?" Kidevu aliuliza. "Juzi nimeitoa humu inaimba."

"Inakoroma."

"Inakoroma. Basi imefanana na mwenyewe." Aliigeuza, akatafuta bisibisi, kisha akaiweka chini bila kuifungua. "Fundi, nikuulize. Mwenzako umemwona?"

"Mwenzangu nani?"

"Mama Vifungo. Au ndiyo mmekosana moja kwa moja?"

"Sijamwona tangu Jumanne. Anahamisha meza. Sijui nimemkosea nini."

Kidevu alimtazama, akijikuna pale ambapo barakoa huwa inamwasha. "Acha utani."

"Sitanii."

"Kaka yake amefariki, Hewala. Usiku wa kuamkia Jumanne. Amezikwa kesho yake na watu waliovaa kama warina asali, ndugu wamesimama mbali getini. Na yeye anasema alikuja kukuambia wewe wa kwanza. Kabla ya majirani, kabla ya ndugu wa mjini. Anasema ulimjibu hakuna shida, ukaendelea kushona." Akashusha macho. "Mimi nilikutetea. Nikasema labda akili imechoka na barakoa za watu. Lakini, kaka, na mimi lilinikaa vibaya."

Fundi Hewala alishika ukingo wa meza ya redio. Aliliona lile jambo lote upya: mwavuli unaodondosha, macho mekundu aliyodhani ni ya baridi, kile kitambaa cha bluu kikitikisika mara mbili. Na yeye amenyanyua uso, anatabasamu.

"Nani amekwenda kumpa pole?" aliuliza.

"Nani aende? Wa afya wamemwambia asitoke wiki mbili. Mwalimu amempigia simu. Jirani yake alimwekea chakula mlangoni, akagonga, akakimbia kabla mlango haujafunguliwa."

"Wewe?"

Kidevu, aliyewaambia wote kwamba hazuii njia ya mtu, alipandisha barakoa yake taratibu mpaka puani, kisha akakumbuka anazungumza, akaishusha. "Mimi naropoka tu, fundi. Nina watoto."

Fundi aliiacha redio pale. Hakurudi kufunga chumba. Alimwomba Kidevu akiangalie.

Nyumba ya Mama Vifungo ni ya chumba na sebule, dirisha la sebule linatazama kichochoro chenye kamba za kuanikia. Dirisha ni la vioo viwili vya kufungua kwa nje, kimoja kina ufa uliobandikwa karatasi ya gundi. Siku hiyo kilikuwa wazi kidogo kuingiza hewa. Fundi aligonga kwenye fremu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jirani.

Pazia likafunguka. Hata peke yake ndani, Mama Vifungo alikuwa amevaa barakoa, ileile ya bluu. Alimwona ni nani, na kitambaa kikatikisika, mara moja, kwa kifupi.

"Shemeji," fundi alisema, "sikusikii."

Kitambaa kikatikisika zaidi, na mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hata ukipiga kelele. Masikio yangu hayafanyi kazi. Hayajafanya kazi tangu kiwandani. Mimi huwa naangalia mdomo." Hakuwa amewahi kuyatamka maneno hayo kwa mtu aliye hai, na sasa yalikuwa yanatoka yakigongana. "Siku ile niliona kitambaa kinatikisika, basi. Sikujua umesema nini. Nimejua leo, kwa Kidevu. Ungeniambia nyumba inaungua, ningekujibu vilevile."

Mama Vifungo hakuonyesha kama ameelewa au hajaelewa. Macho yalikuwa makavu, yamemkazia.

"Funga dirisha," fundi alisema. "Lifunge kabisa, kisha ushushe barakoa. Sihitaji sauti."

Alifikiri kwamba atavuta pazia, yaishe. Lakini mkono ulitoka, ukavuta kioo, ukasukuma komeo. Kisha vidole vikaenda nyuma ya sikio, na barakoa ikashuka.

Ilikuwa miezi tangu auone uso ule. Ulikuwa umekonda, mistari imezidi kwenye kona za mdomo, na mdomo wa chini ulikuwa umepasuka kwa baridi. Ukaanza kusema polepole mno, ukivuta kila silabi, kama watu wanavyowasemesha watoto.

"Usivute," fundi alimwambia. "Sema kama kawaida yako. Ukivuta napotea."

Mdomo ukatulia. Kisha ukasema, kwa kasi yake ya siku zote, "Dada alijua?"

"Alijua."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Miaka yote hiyo nimekaa pale nakueleza habari za nyumbani kwetu. Mambo nisiyomwambia mtu. Nilikuwa naongea na nani, shemeji? Na ukuta?"

Jirani wa kichochoro, mwanamke aliyekuja kuanua nguo, alisimama na shati mikononi. Alichokiona yeye ni mwanamume mzima anayezungumza na dirisha lililofungwa.

"Viatu vya kahawia," fundi alisema. "Alivyokuletea ukiwa darasa la tano. Vyote viwili vya mguu wa kushoto. Ukavivaa hivyohivyo kwenda shule, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni anakuangalia."

Mama Vifungo akajifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalitikisika, na fundi hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, wala kama kuna maneno nyuma ya kile kiganja. Alingoja.

"Shemeji," alisema hatimaye, "toa mkono. Sioni unachosema."

Mkono ukashuka. Vilikuwa vyote viwili, kicheko na kilio.

"Kaka amefariki," midomo ikasema.

Ndiyo maneno yaleyale ya Jumanne. Fundi aliyaona yote, hata ile pumzi fupi katikati.

"Pole sana," alisema. "Pole, dada yangu. Nilipaswa kuwa hapa siku ileile."

Hakumwita shemeji, na mwanamke akalitambua hilo. Aliinamisha kichwa kidogo. Kwa kawaida katika msiba watu huketi tu, na maneno huja yenyewe baadaye. Yeye hakuwa amepata hata wa kuketi naye. Fundi aligeuza ndoo iliyokuwa kichochoroni, akaikalia, na Mama Vifungo akavuta kiti dirishani. Akaanza kusimulia: jinsi kaka alivyoondoka nyumbani akimgombeza dereva wa gari la wagonjwa kwamba hajui kubadili gia, jinsi walivyomzuia yeye asiingie ndani, jinsi alivyosimama getini pa makaburi asijue lipi ni la kaka yake katika yale matatu yaliyofukiwa ndani ya saa moja. Midomo ilikwenda, na fundi hakusema hewala hata mara moja. Alisema, "Rudia hapo." Alisema, "Ngoja, umegeuka."

"Ungeniambia tu," alisema mwanamke baadaye. "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kwamba utaacha kunisimulia."

"Niliacha hata hivyo."

Fundi alishusha macho, kisha akayarudisha haraka kwenye midomo.

"Mkokoteni unakuja kesho," akasema Mama Vifungo.

"Najua. Nitampa."

"Sijui, shemeji. Hasira bado ninayo. Haiishi eti kwa sababu imepata jibu."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa, na kioo kikaanza kubadilika. Kidogo kidogo mbingu ya kichochoroni ikaingia ndani yake, na kamba za nguo, na mwishowe uso wa fundi mwenyewe wenye barakoa. Midomo ya Mama Vifungo ilikuwa bado inasema kitu, kisha ikafifia kabisa katikati ya neno. Mbele yake kulikuwa na mwanamume aliyekalia ndoo.

Miaka yote mahali kama hapo pamekuwa na neno lake moja. Lilimjia mpaka kwenye ulimi.

"Hilo sijaliona," alisema. "Giza limeingia kwenye kioo."

Alidhani ameondoka. Kisha taa ya sebuleni ikawaka, na mwanamke akaonekana amesimama karibu zaidi, mwanga upande mmoja wa uso.

"Nimesema," midomo ilitamka, "shati lako limeachia begani. Fundi mzima."

Alishika bega. Kweli, mshono ulikuwa umefumuka kiasi cha kupitisha vidole. Alipoinua macho, mwanamke alikuwa ameinua mkono, ama wa kuaga ama wa kuvuta pazia. Likavutwa. Muda wa kuwa ndani ulikuwa unakaribia, na fundi alikuwa na mwendo. Alirudi akipita barabara ambako wote walikuwa wamevaa vitambaa vyake, na hakuna aliyemsemesha ambaye angeweza kumjibu.

Asubuhi ya Jumanne aliamka mapema, akashona bega lake kabla ya chai. Hapakuwa na mvua. Alipofika kazini aliifuta meza ya Mama Vifungo, akalisogeza sanduku la nyuzi karibu na mlango, tayari. Kisha akachukua gazeti la zamani na siki, akasafisha kioo cha dirisha la mbele, lile linalotazama barazani, ndani kwanza, halafu nje. Vumbi lake lilikuwa la miaka.

Mtu wa mkokoteni alifika, kofia imeshushwa, barakoa imepandishwa. Alisema kitu. Fundi aliweka gazeti chini.

"Mimi sisikii," alisema. "Nasoma mdomo. Nenda nje, simama nyuma ya kile kioo, ushushe, uniambie."

Yule mtu alimtazama kama aliyeambiwa aruke. Akatoka hata hivyo, akasimama barazani, akaishusha. Alikuwa na masharubu, jambo gumu, na fundi ilimbidi amrudishe mara ya pili.

"Mama amesema nichukue nyuzi," yalisema masharubu. "Meza isubiri kwanza."

"Isubiri mpaka lini?"

"Hajasema."

Fundi Hewala alimsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye mkokoteni. Aliporudi ndani aliivuta meza ile kutoka pembeni, akaiweka chini ya dirisha, na kiti cha Mama Vifungo akakitoa nje barazani, upande wa pili wa kioo. Hakuwa na mtu wa kukikalia. Akaketi kwenye cherehani, akapitisha uzi kwenye sindano, akaanza kazi, na kila baada ya mshono mmoja akainua macho kuangalia nje.